Athari

Fomu ya Shinuna ina kichwa kirefu:
"Athari ya joto katika umwagaji wa spora."
Nimeiweka gotini, hapa Misfa ya Waabri,
chini ya ukuta wa mwamba unaotoka jasho.
Saa kumi na moja na robo. Msikitini wametoka,
ndala zao zinaburura vichochoroni.

Waarabu huuita giligilani ya kisima.
Mama, mzaliwa wa Wete, aliuita kangaga, basi,
kwa kuwa kila jani lenye vumbi mgongoni
kwake lilikuwa kangaga,
na kwa kuwa hili lina pindo:
ukingo umekunjwa kwa ndani kama ulioshonwa,
na ndani ya pindo,
kama yeye alivyofunga sarafu zake,
mna vifuko.

Kila kifuko kimefungwa mshipi wa vijumba vya maji.
Joto likipanda maji yanatoka, kijumba kwa kijumba,
mshipi unajipinda kinyumenyume,
unavutika, unavutika,
manati mkononi mwa mtoto asiyeamua,
hadi katika maji yaliyobaki kinazuka kiputo
na pa!
spora zimekwenda.
Sikio halisikii kitu.
Karatasi nyeupe ndiyo inayojua.

Digrii thelathini na moja: karatasi safi.
Saa tatu, thelathini na sita:
vumbi la kahawia, mdalasini
ulionyunyizwa na mkono bahili.
Ndivyo inavyotakiwa, Shinuna aliniambia.
Kidogo leo, kidogo kesho,
upepo wa bonde uzibebe mpaka penye unyevu.

Saa sita, arobaini na tatu.
Nilikuwa nafungua chupa yangu ya maji tu.
Nilipogeuka, karatasi imegeuka udongo.
Pindo lote limekung'utwa,
majani yote, mara moja,
kama mtu anayegawa vyombo vyake
kabla daktari hajasema neno.
Na zilipoangukia ni jiwe
ambalo mimi mwenyewe nisingeweka kiganja.

Muhanna akapita, arifu wa falaji,
kijana wa miaka ishirini na sita.
Jiwe la kivuli la babu yake sasa hulaliwa na paka;
yeye hugawa maji kwa kengele ya simu.
Akasoma kichwa cha fomu, akacheka.
"Athari ya joto? Joto halina athari hapa."
Maana kwao athari ni nusu saa ya maji:
msikiti una mbili, wana wa Saif wana tatu,
mjane wa chini aliuza yake akalipa nauli ya Maskati.
"Nimepekua daftari lote," akasema.
"Joto halijanunua hata moja. Linakunywa tu."
Simu ikalia. Akaenda kuchomoa
tambara na jiwe kwenye mdomo wa mfereji wa mtu.

Kangaga nao hawamo daftarini.
Wanaishi kwa kinachovuja.

Jioni, nyuma ya nyumba ya wageni,
pale kiyoyozi kinapodondosha,
niliona kijani kwenye ufa wa saruji,
kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga,
na juu yake jani moja
ambalo halijajua kukunja pindo.
Mashine inatema joto ukutani,
moto wa pumzi yake ulinichoma shavu,
na chini ya tumbo lake inalea.

Sikujua niandike nini.
Fomu ina safu ya tarehe, ya digrii, ya idadi.
Nikamwita Muhanna. Akachuchumaa,
akapima matone kwa simu, kwa mazoea:
tone moja kila sekunde nne.
"Haya si ya mtu," akasema,
na kwa mara ya kwanza akashusha sauti.

Kisha akainua macho dirishani.
"Lakini wageni wanaondoka kesho."